Upande wa Pamba

Mama yangu hakuwahi kumpa mwenye duka noti ya mia mbili bila kuigeuza kwanza. Alikuwa anafungua fundo la leso, anaitoa noti, anaitazama, na kama uso wa mkubwa wa nchi ndio uliokuwa juu, anaigeuza taratibu kama mtu anayegeuza chapati, kisha anaiweka mezani. Mwenye duka wetu pale Kibomet alishazoea. Wateja wengine walidhani ni masharti ya kanisa letu. Mmoja aliwahi kuniuliza, nikiwa bado mdogo, kama ni kweli dini yetu inakataza kutazamana na viongozi.

Haikuwa dini. Nyuma ya mia mbili ile ya zamani, kwa wale ambao wameshaisahau, kulikuwa na shamba la pamba, na watu shambani wakivuna. Mbele mkubwa, nyuma wavunaji. Mama alizaliwa upande wa Bungoma, kwenye pamba, na tangu nipate akili alikuwa akituambia kwamba yuko kwenye noti hiyo. "Mimi niko hapo," alikuwa anasema, kisha anaendelea na kazi yake. Hakuyasema hayo kwa majivuno. Aliyasema jinsi mtu anavyokutajia kijiji alikozaliwa.

Sisi watoto ndio tuliojivuna kwa niaba yake. Darasa la nne nilipigana na msichana mwenzangu aliyesema mama yangu ni mwongo. Nilimwambia baba yake hayuko hata kwenye sarafu ya shilingi moja, na akalia, na mimi nikachapwa na mwalimu, na bado nilirudi nyumbani nimefurahi. Mdomo huu ninao tangu utotoni na mpaka leo haujapata dawa. Hata yule mwanamke wa kwenye noti tulijichagulia wenyewe. Tulimchagua aliyeinama zaidi, kitambaa kichwani, kwa sababu mama yetu tulimjua ni mtu wa kuinama: kwenye karai la nguo, kwenye mistari ya mahindi, kwenye sufuria. Hatukumwuliza. Nani huuliza kitu ambacho anakijua?

Baba yangu hakuwa mtu wa Bungoma. Watu wake walitoka milima ya katikati ya nchi, wakapata shamba huku Trans-Nzoia, wakapanda viazi na mahindi na kujenga kanisa la mabati kabla hawajajenga jikoni. Baba alipokuwa kijana alikuwa akipeleka viazi soko la Bungoma kila siku ya soko, na huko ndiko alikomwona mama. Nusu ya hadithi hiyo niliijua: kwamba mama aliondoka na baba bila kuaga, kwamba babu wa Bungoma alikasirika kwa sababu hakuna hata ng'ombe mmoja aliyekuwa amefikishwa kwake, na kwamba ilichukua miaka mpaka ng'ombe walipofika na hasira ikapoa. Nusu nyingine sikuijua, wala sikuitafuta.

Kwa hiyo mama aliishi Kibomet kati ya watu wa baba. Alijifunza lugha yao akiwa mtu mzima, na shangazi zangu walicheka kila alipofungua mdomo. Alijifunza kuponda viazi na mahindi na majani ya malenge mpaka akawapita shangazi hao hao waliomfundisha, na hilo nalo hawakulipenda. Lakini siku za Jumamosi, baba akiwa ameenda kuuza viazi, alikuwa anasonga ugali wa wimbi, mweusi, mgumu, anakaa nao kwenye ngazi ya jikoni akiangalia upande wa Bungoma. Alitukaribisha. Tuliuonja, tukakunja nyuso, tukarudi kucheza. Leo ningetoa chochote nikae pale kwenye ngazi nile naye. Nimeshajifunza kuusonga mwenyewe na hautoki vile.

Na kila Krismasi, mama aliweka kando noti moja ya mia mbili. Si yoyote. Alichagua safi, isiyo na kunyanzi, ambayo haijapita kwenye soksi za makonda wala kwenye ndoo za samaki, akaiweka katikati ya kitabu chake cha nyimbo. Mwaka wa shida nilimwona anakopa unga kwa jirani ilhali noti ziko kitabuni. Nilipomkumbusha, alinijibu, "Hizo si za kwenda." Niliona ni ujinga. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na mtu wa miaka kumi na sita huona ujinga kila mahali isipokuwa kwenye kioo.

Nikakua, nikawa fundi wa nguo. Nina kibanda changu Kitale, karibu na soko, na nashona sare za shule. Baba alipofariki nikarudi na watoto kuishi na mama, naye akawa anakuja kukaa nami kazini mchana, ananishonea vifungo. Hapo kibandani ndipo tulipopatia habari za noti mpya. Mteja mmoja, mwalimu, aliingia akiwa nayo, akaiweka juu ya cherehani kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Tukaizunguka wote. Mbele hakukuwa na uso wa mtu. Kulikuwa na lile jengo refu la mikutano la Nairobi.

Ubishi wa siku hiyo nausikia mpaka sasa. Mzee mmoja anayetoka miteremko ya Elgon, aliyekuwa anasubiri suruali yake, alisema kama wakubwa wametolewa basi wangewekwa wakimbiaji, maana hao ndio wametufanya tujulikane. Mama muuza mboga akasema hapana, ingefaa awekwe mpiga litungu, yule mwenye zeze la nyuzi nyingi anayechezesha watu kwenye sherehe za kutahiri. "Huyo hata mkubwa akimsikia anatikisa bega," alisema. Mwingine akataka mfinyanzi wa vyungu. Mimi, kama kawaida yangu, nikasema mama yangu alikuwa huko tayari na wamemtoa, kwa hiyo wamrudishe kwanza ndipo wengine wapange foleni. Wakacheka.

Mwalimu akatueleza kwamba katiba imekataza. Pesa zetu hazitakiwi kuwa na picha ya mtu fulani.

Mama alikuwa na sindano mdomoni. Akaitoa. "Sawa," akasema. "Mtu fulani asikae kwa pesa. Na watu, je? Sisi hatukuwa mtu fulani."

Mama akaichukua noti, akaiangalia mbele, akaigeuza. Nyuma kulikuwa na picha nyingi ndogo ndogo zilizopangwa kwa ustadi. Akatafuta pamba, hakuiona. Akairudisha mbele. "Nyumba kubwa hivi," akasema, "na hakuna hata mtu wa kufagia." Kisha akaendelea na vifungo.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Tangazo lilisema noti za zamani za elfu moja ndizo zitakazokufa, na likataja siku yake. Lilisema za elfu moja tu. Zile ndogo zingeendelea mpaka zichakae zenyewe. Lakini nani alisikiliza tangazo mpaka mwisho? Sokoni watu walikuwa wanasema pesa ya zamani inakufa, basi. Wanaume walichimbua mikebe waliyokuwa wamefukia bila wake zao kujua. Akina mama walifumua magodoro. Kila mtu alikuwa na haraka, na mimi nikiona watu wana haraka nataka niwatangulie.

Nilimwambia mama, "Zile mia mbili zako za kitabuni zitakuwa karatasi."

Akasema, "Si ni karatasi tangu zamani? Ziache."

Sikuziacha. Jumatano alipoenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, nilifungua kitabu cha nyimbo alichokuwa amekiacha nyumbani, nikazitoa zote. Zilikuwa zimelala kwenye kurasa za nyimbo za mavuno. Nikapanga foleni benki tangu asubuhi, jua likatupanda kichwani, watu wakasukumana na kutukanana kwa heshima. Nilipofika dirishani, kijana wa benki alizitazama, akazirudisha upande wangu.

"Mama, hizi si lazima," akaniambia. "Zinazokufa ni za elfu. Hizi bado ni pesa, unaweza kukaa nazo."

Hapa ndipo ningependa kuwa mtu mwingine. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika barabarani. Mwanamke mmoja alikuwa ameshaanza kusema, "Ati anabadilisha mia mbili? Na ametuchelewesha hivi?" Wengine wakacheka. Niliona aibu, na aibu yangu huwa inatoka ikiwa imevaa nguo za hasira. Nikazisukuma tena chini ya kioo. "Wewe badilisha tu," nikamwambia. "Kazi yako si kunifundisha." Akazichukua. Nikamwona anazitupa kwenye sanduku pamoja na zile chafu, zilizobandikwa kwa selotepu, zilizonuka samaki.

Jioni nilimwekea mama noti mpya mezani, zinanukia wino. Nilisimama nikisubiri asante, fikiria. Alizitazama kwa muda. Alizigeuza moja baada ya nyingine, zote, mpaka ya mwisho.

"Umenipeleka benki," akasema.

Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika, kwa sababu hasira naijua, nimekua nayo. Alizikusanya, akanirudishia, akaniambia niwanunulie watoto viatu. "Pesa ni pesa," alisema. Tangu siku hiyo hakugeuza noti tena dukani. Aliitoa vile ilivyo na kuiweka vile ilivyo, na mwenye duka akaniuliza kama mama ni mgonjwa.

Miaka ikapita hivyo. Noti za zamani zikazidi kuadimika, kila iliyoingia benki haikutoka. Kisha, mwaka juzi, mama akaanza kukosea matundu ya vifungo. Alishona kifungo pembeni ya mfuko wa shati, akaniambia limekwisha. Nikampeleka hospitali. Daktari wa macho, msichana mpole, alimwangaza na taa na kuniita kando. Akasema jicho la kushoto limeshakwenda na la kulia liko njiani. Presha ya macho, alisema. Dawa zingechelewesha, zisingezuia.

"Ana kitu angependa kukiona?" akaniuliza. Nadhani alimaanisha wajukuu, au shamba.

Nilijua papo hapo ni nini. Sikulala vizuri kwa wiki nzima. Kitu ambacho mama yangu angetaka kukiona mimi ndiye niliyekipeleka benki, tena baada ya kuambiwa nisikipeleke.

Nikaanza kutafuta. Niliwauliza wateja wote. Niliandika kwenye kipande cha boksi, NATAFUTA MIA MBILI YA ZAMANI YENYE PAMBA, nikakibandika juu ya mlango wa kibanda, na kwa mwezi mzima nikawa kichekesho cha soko. "Fundi, si ushone moja?" kijana wa kuuza mitumba aliniuliza kila asubuhi. "Niaje fundi, pamba imefika?" Watu waliniletea hamsini yenye ngamia. Waliniletea mia moja iliyoliwa na panya. Bibi mmoja aliniletea noti ya Uganda, na ilibidi nimkaribishe chai kwa wema wake. Nilisikia kuna mwenye duka la dawa za mifugo Kiminini ambaye huweka noti za zamani chini ya kioo cha meza. Nikaenda. Alikuwa nayo kweli chini ya kioo, lakini kioo kilikuwa kimevuja maji ya mvua na upande wa pamba ulikuwa umegandia kwenye mbao. Tulijaribu kuubandua kwa kisu. Ukaja vipande. Yule mzee aliona sura yangu akaniletea kiti, maana nilikuwa nimeanza kulia mbele ya wateja wake kwa sababu ya mia mbili.

Mtu mwingine angefikiria mapema nilichokuja kufikiria mwisho. Mama ana dada. Mama mkubwa anaishi nje kidogo ya mji wa Bungoma, kwenye boma la marehemu mume wake, na magoti yake hayamruhusu kusafiri. Wale wawili hawakuwa wameonana tangu tuzike baba. Walikuwa wanapigiana simu Jumapili, wanaongea lugha yao haraka haraka, na mama akikata simu alikuwa anakwenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni mpaka jioni. Nilijiambia, ikiwa kuna mtu mwingine duniani mwenye sababu ya kuitunza noti ile, ni huyo.

Sikumwambia mama ninakokwenda. Nilisema nafuata vitambaa.

Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba akichambua maharagwe. Alinitambua kwa mwendo kabla hajaiona sura. "Mulembe, mwanangu," akanisalimu kwa lugha yao. Alikuwa na sauti ya mama kabisa, na hata kubadilisha kwake r na l kulikuwa kwa mama. Nilitaka kuanza kueleza nikiwa nimesimama. Akanikatiza. "Kura kwanza. Maneno hayaozi."

Nikala. Ugali wa wimbi, na kuku, na nikamaliza wote. Aliniangalia nikila kwa namna iliyonifanya nione haya, kama vile alikuwa anamwona mtu mwingine akila. Kisha nikamwambia yote: macho, kitabu cha nyimbo, benki, kijana wa dirishani. Sikujificha. Nilipofika kwenye "Kazi yako si kunifundisha," mama mkubwa akatikisa kichwa. "Huo mdomo ni wa babu yako," akasema.

Akaniagiza Biblia iliyokuwa juu ya kabati. Noti ilikuwa humo, imekunjwa mara moja tu, laini kama kitambaa kilichofuliwa miaka mingi. Nikaigeuza. Pamba ilikuwepo. Wavunaji walikuwepo wote.

"Mtu mwenye kamera alikuja kweli," mama mkubwa akaniambia. "Alikuja na gari, wakati wa mavuno. Akatuambia tuendelee tu na kazi, tusimwangalie. Tukavuna. Kama ni picha yake walichora ama ni ya shamba lingine, mimi sijui, pamba ilikuwa mingi siku hizo. Lakini noti ilipotoka tulijiona. Huyu mwenye kikapu ni mimi."

Nikauliza, "Na mama? Ni huyu aliyeinama?"

Akaokota haragwe moja lililooza, akalitupa kwa kuku.

"Mama yako hakuwa hapo," akasema. "Alikuwa ameenda na baba yako mwezi mmoja kabla. Baba yetu alikuwa amesema hata jina lake risitajwe hapa. Huyo ameinama ni jirani."

Nikakumbuka yule msichana wa darasa la nne, nikakumbuka fimbo, nikakumbuka miaka yote niliyowaambia watu. Nikasema kwa hasira, "Basi mbona hukumwambia? Miaka yote hiyo mnapigiana simu."

"Nimwambie ndio nipate nini?"

"Amekuwa akisema yuko hapo."

"Na mimi nilimwacha aseme," mama mkubwa akajibu. "Alikuwa peke yake huko kwenu." Akaikunja ile noti, akaiweka kiganjani mwangu na kukifunga kiganja kwa mikono yake miwili. "Mpelekee. Mimi nilikuwa hapo, nakumbuka bila picha."

Njia yote ya kurudi nilibishana na nafsi yangu. Upande mmoja ulisema mtu mzima anastahili kuambiwa ukweli, hasa na mwanawe. Nimeishi maisha yangu yote nikiusikiliza upande huo, na ndio ulionipeleka benki. Upande mwingine haukuwa na hoja yoyote. Ulikuwa unaniambia tu kwamba jicho moja limebaki.

Nilimkuta amelala. Nikasubiri asubuhi, kwa sababu jua la asubuhi huingia vizuri kwenye chumba chake. Alipokwisha kunywa chai nilimsogeza karibu na dirisha, nikamwekea noti mkononi. Aliipapasa kwanza. Vidole vyake vilijua kabla ya jicho. Akaiinua mpaka ikakaribia kugusa pua, upande wa kulia, na akaigeuza. Miaka kadhaa nilikuwa sijamwona akiigeuza.

"Ni dada," akasema. "Ametoa yake."

"Ametoa. Amesema anakusalimia. Mama, nisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile. Ni wewe ulikuwa hujasikia."

Akaendelea kuangalia. Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno ya mama mkubwa, na najua watu wanaonijua wataona ni ajabu kwamba sikuyatoa. Badala yake nilifanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu nizaliwe. Nilipiga magoti kando ya kiti chake nikamwuliza, "Mama, wewe ni yupi hapo?"

Akashangaa. "Kwani hujui?"

"Sijawahi kukuuliza."

Akaishusha noti mapajani tuione wote wawili, ingawa nadhani kwa umbali ule yeye hakuona kitu, alikuwa anasoma kwa kukumbuka. Kidole chake cha shahada, chenye alama za sindano, kikaanza kutembea. "Huyu mwenye kikapu ni dada yangu. Alikuwa anajaza haraka kuliko wote, na alikuwa anajisifu. Huyu ameinama ni jirani, alikuwa na mgongo mbaya. Huyu wa nyuma sijui, labda ni wa kuajiriwa." Kidole kikarudi. Kikasimama katikati ya mama mkubwa na yule jirani, mahali ambapo hapakuwa na mtu yeyote, palikuwa na mistari ya mashina ya pamba tu.

"Hapa ndipo nilikuwa nasimama kila mwaka," akasema. "Kuanzia nikiwa mdogo. Mimi niko hapo." Akapapasa ile nafasi kwa kidole, polepole, akatabasamu. "Unaona? Waliniachia."